Mgonjwa Niliyemlaza kwa Mdomo

Aibu hii najua mmeshaisikia kwa watu, na wao wanaongeza chumvi, kwa hiyo afadhali mnicheke kwa yaliyo kweli.

Mimi na Shangazi Paskalina, dada mkubwa wa marehemu baba, tulikuwa na kesi ya shamba la kahawa kwenye baraza la ardhi pale Mbinga. Yeye anasema mibuni kaipanda yeye kabla hajaolewa, mimi nasema kaipanda baba. Mwenyekiti akaagiza mtaalamu wangu, Mzee Kapinga, bwana shamba mstaafu, akague mashina aseme umri wake, na ripoti ifike Jumatatu, la sivyo kesi inaendelea bila hiyo ripoti. Na muda wenyewe nilikuwa nimeshaombea nyongeza mara mbili!

Sasa wiki hiyohiyo nikateremka Liuli, kule ziwani, kwenye harusi ya rafiki, siku moja tu, nikajiambia (samaki wabichi, jamani, mnanijua), zikawa nne. Mzee Kapinga hata simu sikumpigia. Jumatatu nimesimama mbele ya mwenyekiti mikono mitupu, mdomo ukajisemea wenyewe: "Mheshimiwa, mtaalamu wangu anaumwa, amelazwa Litembo."

Akanipa siku tatu nilete cheti cha hospitali, ndipo aone kama ataongeza muda. Mungu wangu! Mzee Kapinga nampigia, hapokei, na kwake naona haya kwenda.

Nilichosahau ni kwamba Shangazi alikuwa amekaa palepale, na yeye akisikia mtu amelazwa haulizi ni wa upande gani. Kesho yake asubuhi kapanda bodaboda na chupa ya uji na ndizi mbivu mpaka Litembo, kapita wodi ya wanaume kitanda kwa kitanda, kapita hadi wodi ya wazazi (eti huenda wamekosea kumpanga), hayupo. Nesi alipomwambia jina hilo hawana, Shangazi akaelewa mengine kabisa, akajifunga kanga kiunoni akaenda msibani kwa Mzee Kapinga analia tangu barabarani. Aliyetoka kumpokea ni mzee mwenyewe, na ndoo ya kahawa mkononi.

Siku ya tatu wakaingia barazani pamoja.

"Pole na ugonjwa, mzee," mwenyekiti akasema.

"Ugonjwa gani? Mimi tangu nizaliwe sijalazwa."

Watu wakaangua kicheko, mimi natamani ardhi ipasuke. Mwenyekiti hakucheka. Akamuuliza Shangazi anasemaje, kesi iendelee bila ripoti yangu?

Shangazi akasimama. "Mheshimiwa, mwongezee siku. Huyu tangu mdogo akibanwa anadanganya, alivunja chungu changu akamsingizia kuku. Lakini mimi nataka nimshinde kwa mibuni yangu, siyo kwa mdomo wake."

Nililia palepale, mwanaume mzima.

Tukapewa siku saba, na ripoti ikafika siku ya tano. Mashina yale, mtaalamu wangu mwenyewe aliandika, ni ya tangu baba hajaanza hata shule. Shamba likawa la Shangazi, na ni haki yake.

Tangu hapo simlazi mtu hospitali kwa mdomo, hata awe adui. Mwezi uliopita nikashikwa na malaria, na wa kwanza kuingia alikuwa Shangazi na chupa ileile ya uji. Hakuiweka chini mpaka aliponigusa paji la uso.

"Ee, leo ni kweli," akasema, akanimiminia.