Kitufe cha Sawa Kilichobaki Nje ya Ukuta

Msicheke bado, ngojeni nifike kwa Mama Feza. Aibu hii ni yangu peke yangu, na nilishajaribu kuisukumia kompyuta, ikashindikana.

Mama Feza ndiye kiongozi wa kwaya ya kanisa letu kule Perry Barr, Birmingham, na mimi nilishachoka kuimba mstari wa mbele nimevaa shati la kitenge sare na wazee wote, basi tukapatana kwamba nikitengeneza programu ya kuonyesha maneno ya nyimbo ukutani, nahamia kwenye meza ya mitambo na kwaya kwaheri. Shida ni kwamba laptop yangu ni Windows na ya pasta, ile inayotumika kanisani, ni Mac, na programu ilitakiwa ikubali kotekote. Binamu yangu Yaya Espoir (kwetu yaya ni mkubwa wako, si mlezi wa watoto), anayesoma kompyuta chuoni, akaniambia nichague toolkit (yaani vile vifaa vya kuchorea madirisha na vitufe vya programu) inayojipanga yenyewe kulingana na kompyuta iliyoikuta. Nikaiangalia, vitufe vya kijivu kama Birmingham ya Januari. Kwenye basi la Soho Road nikaona picha za nyingine, vitufe vinang'aa, ila kila kitu unakipigilia mwenyewe mahali pake na hakisogei tena. Nikaichukua hiyo kabla sijashuka.

Kwenye laptop yangu programu ilikwenda vizuri mpaka nikaanza utundu, nikaandika na ujumbe wa kutokea programu ikikwama (nani angeuona, wakati haikwami?).

Jumapili pasta akachomeka laptop yake, kwaya ikasimama, nikafungua wimbo wa kwanza, programu ikakwama, na ukuta mzima ukaandika: "Kompyuta imezimia kwa sauti ya Mama Feza. Bonyeza Sawa kama unakubali."

Sasa hiyo Sawa yenyewe iko wapi! Kwenye Mac dirisha lilitoka fupi, na kitufe, kwa kuwa nilikipigilia chini kabisa, kikabaki nje. Nikagonga Enter, likaja dirisha la pili lenye maneno yaleyale, nikagonga tena, la tatu, nikaona bora niuzibe ukuta kwa mwili wangu, nikakimbia kusimama mbele ya projekta, na "sauti ya Mama Feza" ikahamia kwenye shati langu. Mzee mmoja wa nyuma akauliza kama tunapiga kura.

Mama Feza akavaa miwani, akanisoma kifuani mpaka mwisho, akanisogeza pembeni, akaanza kupapasa ukuta kwa kidole.

"Hii Sawa iko wapi, mutoto yangu?" akasema. "Miye nakubali. Nataka niibonyeze."

Watu walicheka mpaka pasta akaketi. Yaya Espoir ndiye aliyechomoa waya.

Siku hizi nasimama mstari wa mbele, ubavuni kabisa mwa Mama Feza, sikio la kushoto nimemwachia yeye, na shati ananipigia pasi mwenyewe nisipate kisingizio. Nikichagua toolkit tena, nachukua ile ya kijivu, na kwenye ujumbe wa kukwama naandika jina langu.