Mjane Aliyekana Afya Yake

Hilligje hakuwahi kumpenda shemeji yake Harm, na tangu mumewe afariki hakuona tena sababu ya kujilazimisha. Alimpa kahawa kila Jumamosi asubuhi kwa kuwa ndivyo watu wa kijiji chao cha Rouveen wanavyofanya. Alimpa na biskuti moja, akafunga kopo. Wageni wengine walipata mbili.

Jumamosi hiyo Harm aliingia na uso wa mtu aliyeshinda kesi. Habari zilikuwa zimemfikia kwamba Hilligje aliomba bima ya maisha na kampuni imemkataa.

"Nasikia wamekunyima," alisema, akikoroga kahawa isiyo na sukari.

"Umesikia sawa, shemeji."

"Basi shukuru. Huo mlango kaufunga Bwana mwenyewe. Kukata bima ni kumwambia Mungu hatumwamini. Baba yetu alikufa bila bima, na babu yetu vilevile."

"Na bibi yenu akamalizia uzee wake kwa kufua nguo za watu."

Harm alikiweka kijiko chini. Alikuwa mzee wa kanisa, hakuzoea kujibiwa. Hilligje alimtazama akaikumbuka fimbo ya chuma ya kukinga radi iliyosimama juu ya zizi lake jipya. Watu walipomuuliza, Harm alisema si yeye anayeogopa radi, ni ng'ombe. Kijiji kizima kilicheka, ila chinichini, maana kule hawacheki vingine.

Karibu na jiko Roelofje, binti wa pekee wa Hilligje, alikuwa akikunja taulo. Kwa umri alikuwa mwanamke mzima, lakini akili yake ilibaki ya mtoto wa chekechea, na hakuwahi kulala hata mara moja mama yake asipokuwa chumba cha pili. Ni kwa ajili yake tu Hilligje aliitafuta hiyo bima. Akifa yeye, pesa zile zingemlipa mtu mwema, mtu kama Klaasje wa nyumba ya jirani, akae na Roelofje humu humu ndani. Pasipo pesa hizo, angechukuliwa na Harm. Na Harm alikwisha kusema mbele ya watu kwamba yule msichana ana mikono yenye nguvu, na zizini hakukosi kazi.

Kilichomponza Hilligje ni simu. Daktari wa kampuni alimpigia akamuuliza maswali, na kwa heshima yeye alivua aproni, akajibu amesimama. Yote yalikwenda vizuri mpaka daktari alipouliza, "Na kwa maoni yako mwenyewe, mama, wewe ni mzima wa afya?"

Sasa, Rouveen hakuna mtu anayejisifu kwamba yu mzima. Hata msichana aliyeongoza darasa husema amepita kwa kubahatisha. Anayemsifu ng'ombe wake asubuhi, jioni anachimba shimo. Kwa hiyo Hilligje alijibu kama alivyofundishwa tangu akiwa mtoto: kwamba toka wayo wa mguu hata kichwani hamna uzima ndani yake, kwamba yeye ni majani tu, leo yapo na kesho yamekatwa. Daktari akamuuliza hali hiyo ilimwanza lini. "Tangu kuzaliwa," akasema. Akamuuliza kama kuna tiba. "Kwa mwanadamu, hakuna."

Jibu la kukataliwa halikukawia.

Alilipeleka kwa wakala wa bima mjini Meppel, bwana mmoja aitwaye Wiebenga, mwenye viatu vilivyochongoka na nywele zinazong'aa mafuta. Wiebenga alimsikiliza, kisha akacheka mpaka akatoa kitambaa cha kufutia macho. Hilligje alikaa wima, mkoba mapajani, akamngoja amalize. Alikwisha kuona mbuzi wenye adabu kuliko huyo.

"Mama, ulimjibu daktari kama unavyomjibu mchungaji."

"Nilimwambia ukweli."

"Ukweli wa kanisani. Yeye alitaka kujua kama figo zinafanya kazi. Zinafanya?"

"Sijazisikia zikilalamika."

"Haya, basi sikiliza. Kukataliwa mara moja si kukataliwa milele. Tunakwenda kampuni nyingine. Watauliza kama umewahi kunyimwa, nasi tutasema ndiyo, na tutaeleza kwa nini. Hapo usifiche kitu. Ukificha, siku ukifa hawamlipi mtu. Kisha muuguzi atakuja nyumbani kukupima. Akikuuliza kama una afya, sema 'ninayo', halafu funga mdomo."

"Ninayo," Hilligje alisema, kujaribu. Neno lilimtoka kama mtu anayetema kokwa.

Ni rahisi kwake kusema, alijiambia njiani akirudi. Watu wa Meppel hujisifu hata kabla hawajanawa uso.

Muuguzi alikuja siku ya Jumatano, mwanamke kijana mwenye mikono ya baridi. Hakuwa hata amefungua mfuko wake, Harm akaingia kwa mlango wa nyuma. Aliona gari geni uani, na pale gari geni halikai uani bila mtu kuja kulitazama. Alijikalisha mwenyewe, kofia gotini.

"Huyu bwana akae?" muuguzi aliuliza.

"Mimi ni familia," alijibu Harm.

Hilligje alimwacha akae. Kumtoa kungechukua asubuhi nzima.

Muuguzi alimpima presha, akamtoa damu, akampima uzito. Roelofje alimshika mama yake mkono ule mwingine, akawa anaupuliza ili usiume. Kisha likaja lile swali. Je, anajiona ana afya njema?

"Jibu, Hilligje," alisema Harm taratibu. "Mwambie huyu dada kwamba kesho ni mali yako."

Maneno ya zamani yalianza kupanda kooni yenyewe, kama ng'ombe anayelijua zizi lake. Hilligje alifungua mdomo. Ndipo akaona Harm hamtazami yeye wala muuguzi. Anaitazama mikono ya Roelofje, kuanzia mabegani hadi vidoleni, kama mtu anayetazama mtamba mnadani.

"Nina afya," alisema Hilligje. "Sijalazwa tangu nimzae huyu. Nakula, nalala, viazi vyangu nachimba mwenyewe. Andika hivyo, dada."

"Kiburi," alisema Harm.

"Andika na hicho kama kuna nafasi."

Muuguzi alipekua karatasi zake. "Hakuna swali la kiburi hapa, mama."

Kampuni ilimkubali, kwa bei iliyozidi kidogo ya wengine. Wiebenga alipiga simu akajipongeza kwa muda mrefu, naye Hilligje akaweka simu mezani akaendelea kumenya karoti mpaka yule bwana alipochoka.

Harm hakuonekana kwa Jumamosi kadhaa. Aliporudi alizungumza habari za mvua, na za bei ya maziwa. Kikombe chake kilikuwa nusu alipokohoa.

"Na hizo pesa, siku ukiondoka, zitapita mikononi mwa nani? Binti hawezi kuzishika. Inafaa awe mwanaume wa familia."

"Si ulisema ni pesa za kutomwamini Mungu, shemeji?"

"Zikishakuwepo zimekuwepo. Lazima mtu aziangalie."

"Yupo. Tumekwenda kwa mwanasheria, tumeandikisha. Klaasje ndiye atakayeziangalia, na Roelofje pia atakuwa chini yake."

"Klaasje? Klaasje hata si ndugu."

"Ndiyo maana nimemchagua."

Roelofje, ambaye alifundishwa kutoa vyombo mazungumzo yanapokwisha, alikuja akachukua kikombe cha Harm kikiwa bado na kahawa, akakipeleka kwenye sinki. Hakuna aliyemwambia akirudishe. Harm alitazama mahali kikombe kilipokuwa, akavaa kofia, akatoka kwa mlango wa nyuma.