Mgongo wa Mama Ukutani

Juzi kijana wangu alikuwa anapaka geti rangi ya mafuta, mimi nimekaa barazani nachambua maharage. Upepo ukageuka, ukaniletea ile harufu, mikono ikasimama yenyewe. "Mama, rangi inakuumiza kifua?" akaniuliza. Nikamwambia endelea na kazi yako. Kifua kiliuma kweli, ila si kwa namna aliyoiwazia yeye. Wewe kaa nikusimulie, na ukiona napotea nivute kanga.

Nilikulia Machame kwa bibi, kwenye kihamba, shamba la ukoo linalozunguka nyumba, chenye migomba iliyosongamana mpaka mchana jikoni unawasha kibatari. Watu wa mjini Moshi ndio wanaouona mlima. Sisi tuliokaa juu yake tuliuona vipande vipande, alfajiri, kabla mawingu hayajashuka. Tuliusikia zaidi: maji ya mfongo yakipita nyuma ya zizi usiku kucha, maji ambayo mababu waliyachimbia njia kutoka msituni. Bibi aliamka kupika kiburu, ndizi na maharage yaliyopondwa pamoja, na nje kulinuka maganda ya kahawa. Miaka ile watu walikuwa wameanza kung'oa kahawa kimyakimya wapande nyanya. Bibi aliapa kwamba atakayegusa mibuni yake atalala na mbwa. Mjomba mmoja aliigusa, na kweli… lakini hayo mengine, naona nimeshaanza kupotea.

Mama alifariki kabla sijaanza shule. Ng'ombe wetu walifugwa ndani, kwa hiyo wanawake walishuka nyikani kukata majani, wakapanda nayo kichwani, mzigo mkubwa kuliko mtu mwenyewe. Siku ile kwetu jua liliwaka. Kumbe huko juu msituni mvua kubwa ilikuwa imenyesha, na hakuna aliyejua. Maji yakaja korongoni kwa ghafla, yakamkuta mama katikati, anavuka na mzigo wake. Tulimzika kihambani. Picha yake hatukuwa nayo hata moja. Mpiga picha alikuwa mjini, na mama kila mwaka alisema atakwenda baada ya mavuno. Nilipofika darasa la nne, uso wake ulikuwa umeshanitoka. Nilimuuliza bibi alikuwaje. "Alikuwa kama wewe," ananijibu. Nakwenda kujitazama kwenye ndoo ya maji, naona mtoto tu.

Sasa, jirani yetu alikuwa fundi wa mabango. Siku za kazi alikaa Majengo, huko mjini, ambako maduka yalifunguliwa kila kukicha baada ya ile miaka ya kukosa hata sabuni, na kila duka likataka bango lake. Saluni ilitaka kichwa cha mwanamke, bucha ikataka ng'ombe anayecheka. Jumamosi fundi alipanda nyumbani na mikebe ya rangi za mafuta zilizobaki. Wazee wa kanisa letu dogo la Kilutheri wakamwomba achore ukuta wa nyuma ya madhabahu. Wakampa na kalenda ya kufuatisha: Mchungaji Mwema, majani mabichi, kondoo weupe ambao Machame nzima hujawaona. Kondoo akawachora vizuri. Halafu akakwama, upande mmoja wa ukuta ukabaki mtupu.

Mchana bibi alinituma nimpelekee chakula, nami nikakaa benchi la mbele namtazama. Siku moja akaniuliza, "Mwanangu, mama yako unamkumbuka?"

Nikasema hapana.

Akakoroga rangi, akakoroga. "Hata mimi uso wake siupati," akasema. "Ila namkumbuka anavyopanda."

Akaniambia chakula nisilete tena, mpaka amalize.

Jumapili moja tukaingia kanisani, na ule upande haukuwa mtupu. Alikuwa ameuchora mlima mzima, chini mweusi, juu ile bluu ya bango la saluni. Mawingu yamepasuka na mwanga umetokea hapo kwenye mpasuko ukagusa barafu. Chini kabisa korongo limejaa maji ya rangi ya chai. Na kwenye njia, mdogo kama kidole, mwanamke ametupa mgongo, mzigo wa majani kichwani, anapanda. Uso hakuna. Kanga imekazwa kiunoni na kiwiko kimetokeza nje, hivi. Kile kiwiko nilikijua. Usiniulize nilikijuaje, mimi shule yangu iliishia la saba na mambo hayo hawakutufundisha. Nililia kwa sauti. Nyuma yangu mwanamke mmoja akaanza, na mwingine, maana kila nyumba ilikuwa na mtu aliyepanda na majani. Mwinjilisti akashindwa kusoma, tukaimba tu.

Baada ya ibada mwenyekiti wa wazee akamsimamisha fundi uwanjani, watu wote wanasikia.

"Fundi, tulikupa kalenda."

"Mlinipa, mzee wangu."

"Kwenye kalenda mna dhoruba?"

"Hamna."

"Na siku ile jua liliwaka! Mimi mwenyewe nilikuwa nimeanika kahawa. Tena pale korongoni mlima hauonekani, migomba imeziba. Umechora uongo ndani ya nyumba ya Mungu, na umewaliza watu."

Fundi akafuta mikono kwenye suruali. "Kwako liliwaka, mzee. Kwa huyu mtoto liliwaka?"

"Afadhali ungetuletea yule ng'ombe wa bucha," mtu akapaza sauti huko nyuma, "angalau anacheka!" Watu wakacheka, na fundi naye akacheka. Lakini wazee walikuwa wameshakata shauri: kesho yake ukuta unapakwa chokaa.

Nilikimbia nyumbani. "Bibi, wanamfunika mama!" Bibi akainuka. Akachukua kisu, akaenda mpakani, akakata isale. Isale ni ule mmea wenye majani marefu tunaoupanda kwenye mipaka na makaburi. Kwetu ukimkosea mtu, ukampelekea jani lake limefungwa fundo, hawezi kukunyima msamaha. Akikunyima, balaa litakalofuata ni lake, awe mzee wa kanisa au nani.

Tukamkuta mwenyekiti anakamua. "Shikamoo, mama," akasema. Bibi akaitika marahaba, akamnyooshea isale. Yule mzee akainuka, akaipokea kwa mikono miwili, ndivyo alivyolelewa. Halafu ndipo akili ikamjia.

"Mama, umenikosea nini?"

"Bado. Nitakukosea kesho ukija na ndoo yako ya chokaa. Nitakumwagia kichwani, wajukuu zako wanaona."

"Isale haiombei kosa la kesho!"

"Umeshaipokea."

Mwenyekiti alicheka mpaka ng'ombe akarusha teke. Kisha akajifuta macho, na ule mkono ukachelewa kutoka usoni. "Mama watoto alipanda na majani miaka yote," akasema taratibu. "Leo ameniuliza kama yule ukutani ni yeye."

Ukuta haukupakwa. Nikapata kipaimara mbele yake, nikaolewa mbele yake. Nilipokuwa kwa mume wangu Sanya Juu, kanisa dogo likavunjwa, likajengwa kubwa la vigae. Zuri, sikatai. Fundi alikuwa ameshazikwa, na hakuna aliyekumbuka kuupiga picha ule ukuta. Mambo mengi yameondoka hivyo, bila mtu kukusudia. Mfongo wa kwetu umekauka, majani yanaletwa kwa gari, barafu yenyewe imebaki viraka.

Wanangu wakiniuliza bibi yao alikuwaje, nawaambia ya mawingu na ya kiwiko. Bibi yangu alipokuwa hai alinikaripia: "Siku ile jua liliwaka, usiwadanganye watoto." Najua, hata mimi nilikuwepo, nilicheza juani. Lakini nikifumba macho jua halipo. Upo mlima umefunuka wote, mahali ambapo hauonekani, na mama anapanda. Mwenyekiti alikamata uongo wa dhoruba, akapitwa na uongo mkubwa zaidi, na hata mimi nimeuona uzeeni. Pale ukutani, lile korongo lilikuwa chini, nyuma ya mama. Fundi alikuwa amemvusha.