Fundi wa Kompyuta ya Parokia

Mwaka 1998, fundi wa kompyuta ya parokia yetu pale Mpanda alikuwa mama mcheshi ambaye hakugusa kibodi kabla ya kunawa mikono. Alikuwa ameweka mfumo mpya wa majaribio, na kila ulipogoma aliandika kosa kwa penseli daftarini, huku akicheka. Siku moja mashine ilidai haioni sehemu ya diski yenye mfumo. Katika diski hiyo ndimo yalimokuwa majina ya watoto wa kipaimara, na askofu alikuwa anafika kesho yake kuwapa sakramenti hiyo. “Kumbe nimeiambia itafute sehemu ya pili, na mfumo uko kwenye ya tatu!” Fundi akasahihisha namba. Ikawaka, katibu Specioza akapiga vigelegele. Fundi akaizima. “Mama, umefanya nini tena?” Specioza akauliza. “Kama ilikuwa bahati, bora tujue leo.” Akaiwasha upya, ikawaka tena, na Specioza akaanza kusoma majina kwa sauti.