Onja Kwanza, Mama

Nikila chakula cha mtu, namjua. Hilo nimelipata kazini. Nauza mitumba ya watoto kwenye magulio ya Biharamulo na Ngara, leo huku kesho kule, na mtu wa maisha hayo hapiki kwake. Anakula kwa mama lishe. Nimekula kwenye vibanda vya turubai, nimekula kwenye mabanda ya mabati, nimekula nimesimama na sahani mkononi huku mteja ananivuta kitenge akiuliza kama nina gauni jeupe la mtoto wa komunyo. Wengine hukumbuka safari zao kwa picha. Mimi nakumbuka kwa mboga.

Biharamulo mjini, si mbali na stendi, kuna mzee mmoja ambaye babu zake walikuja na biashara kutoka pwani wakanogewa. Anapika pilau siku ya Ijumaa tu. Siku ya kwanza nilichelewa, nikakuta sufuria tupu, na mwingine angenipakulia wali mweupe akaumwagia mchuzi nisijue tofauti. Yeye aliniambia, "Imekwisha, mama. Njoo Ijumaa nyingine." Nikarudi, na bado narudi.

Pale njia panda ya Nyakanazi kuna mwanamke anayekimbilia madirisha ya mabasi na kuku wa kuchoma. Huyo ni tapeli. Anakuonyesha paja, basi likianza kuondoka anakurushia shingo. Nilimngoja siku moja nikashuka kabisa na shingo yangu mkononi, nikamfuata mpaka kwenye jiko lake, na sikuondoka mpaka nilipopata paja. Basi liliniacha. Nilikula lile paja nimekaa kwenye mzigo wangu kando ya barabara, na sijawahi kula kuku mtamu kama yule.

Nyakisasa kuna mama anapika ndizi na maharage katika sufuria moja, amezifunika kwa majani ya mgomba mpaka ziive kwa mvuke wake zenyewe. Hana meza. Unakaa kwenye kreti ya soda, unaweka sahani magotini. Huyo ndiye pekee aliyewahi kunitoa machozi, na hakujua kwa nini. Alidhani ni pilipili.

Nililia kwa sababu zilikuwa ndizi za mama yangu.

Mama alikuwa na kibanda Kasulo, pembeni mwa gulio, hatua chache kutoka barabara ya malori. Alipika ndizi na maharage, ugali wa muhogo, na kisamvu kilichotwangwa mpaka kikawa laini kabisa, kikapikwa na karanga. Siku ya gulio watu walishuka kutoka mashambani na ndizi zao kwenye baiskeli, na kabla hawajauza hata mkungu mmoja walikuwa wamekaa kwenye benchi la mama. Walikuwa wanamwita kwa utani mke mwenza wa wake zao. Yeye alicheka na kuwaongezea mchuzi.

Jirani yake alikuwa na kibanda kama chake. Maharage yake yalikuwa mabichi ndani na mchuzi wake ulikuwa maji. Watu walimpita wakaja kwetu, naye alikaa pale na mwiko mkononi akitutazama. Nilikuwa msichana wa kuosha vyombo wakati huo, na macho yake nayakumbuka vizuri.

Kisha maneno yakaanza. Kwamba wateja hawajazani hivihivi. Kwamba yule mama anapikia dawa ya kuvuta watu. Kwamba mboga zake anazichemshia maji yaliyooshewa maiti. Maneno ya namna hiyo hayana mwenyewe, lakini sisi tulijua yanatoka benchi gani, kwa sababu kila aliyekaa benchi lile aliinuka akitutazama vingine.

Sasa nieleze desturi. Kwetu Ngara, ukimkaribisha mtu nyumbani pombe ya ndizi au chakula, unaonja wewe kwanza mbele yake. Unapiga funda moja, ndipo unampa. Ni heshima, na mwenye nyumba huifanya bila kuombwa. Na mgeni aliyeonjewa hana ruhusa ya kukataa wala kubakiza. Lakini kwenye biashara ya chakula jambo hilo halifanyiki. Kumwambia mama lishe aonje alichokupakulia ni kumwambia mbele ya watu kwamba yeye ni muuaji.

Mama yangu aliambiwa. Wa kwanza alisema kwa kucheka, "Onja kwanza, mama." Mama naye akacheka, akaonja. Aliyefuata hakucheka. Ikafika siku mama anaonja kila sahani inayotoka, kijiko kwa kijiko, mbele ya watu waliokuwa wanamwita mke mwenza, nao wanamkodolea macho waone kama anameza. Mchana hakuweza kula chochote kwa kushiba vijiko vya wageni. Halafu hata hao wakaacha kuja.

Akafunga, akarudi Ntobeye kwenye shamba la wazazi wake. Na maneno yakamfuata huko. Jumuiya yao ilipokuwa na sherehe, akina mama walipokusanyika kupika, walimwambia kwa sauti tamu sana, "Wewe pumzika, mama, usichoke. Kaa hapo." Walimpa kazi ya kuchota maji mwanzoni, kisha na maji nayo mtu mwingine akachota. Mwanamke aliyelisha gulio zima akawa anakaa kwenye mkeka na wazee wasioona, akingoja kupakuliwa. Mimi nilikuwa nikimwona pale, natamani kupindua masufuria yao yote.

Nilipomwambia nitamfuata yule jirani wake wa Kasulo, alinijibu, "Mwachie Mungu." Kila mara jibu hilohilo, bila kuinua macho. Nikamwachia Mungu miaka mingi. Mungu akambariki yule mwanamke kwa jengo la tofali, viti vya plastiki, ukuta uliochorwa sahani yenye moshi, na madereva wa malori ya kwenda Rusumo waliosimamisha magari yao mlangoni kwake kwa ajili ya supu ya mbuzi. Nilipoona hivyo, nikaona niichukue kazi mimi mwenyewe.

Kitu kimoja nilikuwa nakijua juu yake. Hali mbuzi. Wasichana wa zamani kwetu walikatazwa nyama hiyo, na wengi waliachana na mwiko huo walipopata wajukuu. Mama yangu anatafuna mpaka mfupa. Yule mwanamke aliushikilia, akajisifia nao toka enzi za vibanda, kwamba amelelewa kwenye nyumba yenye adabu na mbuzi hajawahi kugusa ulimi wake. Supu iliyomjengea nyumba hajawahi kuionja. Chumvi anaonjewa na binti yake.

Nilipita Kasulo siku isiyo ya gulio, nikielekea Ngara mjini na mzigo wangu. Nikashuka. Nilikuwa nimevaa vizuri, kwa makusudi. Ndani kulikuwa kumejaa madereva na matingo wao, watu wa Dar es Salaam, watu wa Kigali, wanakula kwa haraka kama kawaida yao. Yeye alikuwa amekaa karibu na mlango wa jikoni, amezeeka, miguu imemvimba, kanga mpya. Sitadanganya kwamba nilimwonea huruma.

"Shikamoo," nikasema. Niliitoa kwa kuwa aliyenifundisha adabu ni mama yangu.

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Kuna ndizi, kuna wari, kuna ugari wa muhogo, kuna supu."

"Supu. Ya mbuzi."

Akaleta mwenyewe bakuli, na kipande cha limau na pilipili pembeni. Moshi ulikuwa unapanda. Alipogeuka kuondoka nikasema kwa sauti ya kutosha meza zote:

"Onja kwanza, mama."

Dereva wa meza ya jirani aliacha kutafuna. Hata wale wasiojua desturi yetu walielewa kuna kitu kimesemwa. Yule mwanamke akageuka polepole.

"Unasemaje?"

"Nasema uonje. Kwetu Ngara si ndivyo tunavyofanya? Au kuna sababu huwezi?"

"Mimi siri mbuzi. Kila mtu anajua."

"Mimi sijui. Na hawa hawajui. Wanajua tu kwamba nimekuomba uonje, na wewe unakataa."

Mmoja wa matingo akasogeza bakuli lake mbele kidogo. Kitendo kidogo tu, vidole viwili. Lakini yeye alikiona, na mimi nilimwona akikiona. Nilikuwa nimekingoja kitendo hicho tangu nikiwa na sabuni mikononi. Niliona raha ikinishuka tumboni kabla ya supu.

Binti yake akatoka jikoni, mwanamke mzima wa rika langu, akasema ataonja yeye. Nikamwambia hapana, aliyepika ndiye anaonja.

Yule mwanamke akavuta kiti akakaa mbele yangu. Akachukua kijiko changu. Akakichovya, akakiangalia, mafuta yanang'aa juu yake, akakitia mdomoni. Alimeza kwa shida. Kisha akachota kipande cha nyama, ambacho sikuwa nimemwomba, akakitafuna kwa meno yake machache, ananitazama moja kwa moja. Alipomaliza akajifuta kwa upindo wa kanga.

"Wewe ni wa yule," akasema. "Una paji lake la uso."

"Mama yangu alionja kila sahani," nikamwambia. "Kila sahani. Kwa sababu yako."

Nilidhani atakana. Nilikuwa nimejiandaa kwa kukana, nina maneno yangu yote tayari, makali, niliyoyanoa miaka yote kwenye viti vya mabasi. Hakukana. Alisema, tena kwa sauti kubwa kuliko yangu:

"Hakuweka kitu kwenye chakula. Mimi ndiye nirisema. Watu wananipita wanaenda kwake, maharage yangu yanachacha kwenye sufuria, na nina watoto. Ungefanya nini? Alikuwa anapika kunishinda, basi. Hata sasa ananishinda." Akasukuma bakuli kwangu. "Kura. Nimeshakuonjea."

Na nilikula. Ningefanyaje? Ameonja mbele ya watu. Desturi niliyomfungia mlango ikanifungia na mimi. Nilitaka iwe mbaya. Niliomba iwe na chumvi nyingi, au harufu ya beberu, au inyweke kama maji ya enzi zile. Ilikuwa supu bora kuliko yoyote niliyowahi kunywa kutoka Biharamulo mpaka mpakani, nyama inaachia mfupa yenyewe, na nikainywa yote nikiwa na hasira mpaka masikio yakawaka moto. Yule tingo akavuta bakuli lake karibu tena. Mwenzake akaagiza chapati. Nilipoondoka walikuwa wanazungumza habari za foleni ya forodhani.

Hata hivyo nilipanda gari la Ntobeye na ushindi wangu. Amekiri. Kwa mdomo wake mwenyewe, wenye mafuta ya mbuzi. Nilimkuta mama ameketi nje ya jiko anamenya ndizi, nikasalimia, sikungoja hata maji ya kunywa. Nilimsimulia yote, kijiko kwa kijiko, nikiigiza jinsi yule alivyomeza. Nilitegemea atanikemea, aniambie tena habari za kumwachia Mungu. Hakusema hivyo. Kisu kilisimama.

"Alitafuna na nyama?"

"Na nyama, mama."

"Akasema kwa mdomo wake kwamba sikuweka kitu."

"Kwa sauti. Watu wote wamesikia."

Maji ya ndizi yalikuwa yanamkauka mikononi, meusi. Nilikaa karibu naye nikingoja atabasamu, maana nilikuwa nimemletea kitu ambacho hakuna mwingine aliyemletea.

"Watu gani?" akauliza.

"Waliokuwa wanakula. Madereva."

"Wa wapi?"

"Wa malori, mama. Wapita njia. Wengine Wanyarwanda."

"Kulikuwa na mtu wa Kasulo? Wa Nyakisasa? Kulikuwa na hata mmoja wa wale waliokuwa wakinionjesha?"

Nikafikiria zile meza moja moja. Nikamwambia hapana, hakuwepo.

Mama yangu, ambaye tangu nikiwa msichana hajawahi kunituma kwa ubaya wowote, aliweka kisu ndani ya beseni akaniangalia kama mtu aliyepelekewa mzigo wa mtu mwingine.

"Basi hujanisaidia kitu," akasema. "Gulio lao ni siku gani siku hizi? Tutakwenda wote. Na safari hii mimi ndiye nitaagiza."

Akainuka, akaingia ndani, akatoka na kitenge chake cha kwendea kanisani, akaanza kukikung'uta vumbi.