Mama Aliyejaribu Milango

Bwana yangu alinunua gari lile kwa Mbelgiji mmoja wa shamba la kahawa aliyekuwa anarudi kwao. Lilikuwa jeusi, pua ndefu, la zamani hata siku ile. Motere, injini yake, ikaja kufa, na mwishoni mwa miaka ya sabini gari lilikaa tu nyuma ya nyumba yetu, Bunia, kutu inalila chini kwa chini. Wanunuzi wa vyuma aliwafukuza.

"Nataka mutu atakayelitengeneza," aliniambia.

Wanaume walikuja, wakafungua boneti, wakatikisa vichwa, wakaenda. Kisha akaja mama mmoja, muuza samaki wa chumvi kutoka Mahagi-Port. Boneti hakuigusa. Alifungua mlango, akaufunga huku ametega sikio. Akafanya vile milango yote minne. Akamwaga ndoo ya maji juu ya paa, akaingia ndani kuona kama yanavuja.

"Mama, motere hauangalie?" bwana yangu akauliza.

"Papa, motere ya nini? Funguo ya milango iko?"

Ilikuwepo. Bwana yangu alinuna, lakini mimi hamu ya kujua ilinishika. Nilimpa yule mama chai, nikamuuliza anataka kuweka nini ndani. Akacheka.

"Utakuja kuona."

"Lakini utalitengeneza?" bwana yangu akauliza.

"Kuliko weye, papa."

Akakubali kuuza. Gari lilipopandishwa juu ya lori, yule mama naye aliingia ndani yake, akakaa kiti cha nyuma, akafunga vioo kwa sababu ya vumbi.

Baadaye tulikwenda harusi Mahagi, nikamvuta bwana yangu tushuke mpaka Mahagi-Port, ziwani. Tulilikuta lile gari ufukoni, limepakwa rangi upya, linang'aa. Ndani mulikuwa na mbao zilizojaa chumvi, sabuni na ndoano. Mama alikuwa anauzia dirishani.

"Vibanda yangu mbili ya mbao wezi walivunja," alisema. "Mulango ya Mbelgiji walishindwa."

Nilidhani bwana yangu atakasirika. Alifungua mlango wa mbele, akakaa, akashika usukani.

"Ulipaka rangi muzuri," alisema mwishowe.

"Aksanti. Sasa toka kwanza, papa, watu wanataka sabuni."

Akatoka, ila hakwenda mbali. Kiti cha nyuma kiliwekwa nje kuwa benchi la wateja. Alikaa pale na wavuvi wawili, akawaeleza jinsi gari lile lilivyokuwa linapanda mlima.