Karatasi ya Mahudhurio

Shuleni nilifundishwa kwamba sheria hutungwa Dodoma. Mwalimu wa uraia alichora maduara matatu ubaoni, akaandika Bunge ndani ya mojawapo, nasi tukanakili. Hakutuambia kwamba sheria nyingine huja ndani ya flashi, kwenye mfuko wa shati la ofisa aliyeshuka kwenye pikipiki ya halmashauri akiwa na njaa, akiuliza kama kuna mahali pa kula.

Niliiona ya kwetu ikija hivyo. Wakati huo nilikuwa karani wa kujitolea katika ofisi ya kata, kando ya ziwa, mbali kidogo na Mwanza mjini. Jina la mwalo wetu, hapo wavuvi wanaposhusha samaki, silitaji. Kujitolea maana yake kazi zote zilikuwa zangu na shukrani zilikuwa za mtendaji. Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nina mwandiko mzuri, na kompyuta ya ofisi ilinikubali mimi tu.

Rasimu ilikuwa na kurasa tano: sheria ndogo za usafi wa mialo. Ilikataza kuanika dagaa mchangani. Waanikwe juu ya vichanja vya wavu, tena mbali na maji, na atakayekaidi atozwe faini. Nilipewa niondoe makosa ya uchapaji. Kifungu cha pili kilitaja ufukwe wa bahari, nikamuuliza ofisa ni bahari ipi. Akacheka, akasema ameichukua kwa wenzao wa pwani ili asianze upya.

"Futa hapo, weka ziwa," akaniambia.

Nikafuta bahari na kuweka ziwa kila ilipotokea. Huo ndio mchango wangu katika kutunga sheria za nchi hii, na sitanii nikisema kwamba siku ile nilijiona mtu mkubwa. Niliporudi nyumbani nilitembea polepole ili watu wanione.

Niwe mkweli, sheria yenyewe haikuwa ya kijinga. Dagaa wa mchangani wana mchanga, mbuzi hupita juu yao, na mlaji wa mjini hutafuna kokoto. Lakini mchanga wa ukingoni haukuwa wa mtu, ndiyo maana wanawake waliuweza. Ukipanda juu hatua chache tu, unaingia kwenye mashamba ya watu. Mama yangu alikuja pale kutoka upande wa Mara alipoolewa, akafiwa na mume mapema, akabaki na kipande cha mchanga kati ya majabali mawili alichoachiwa na mama mkwe wake. Hakuwa na kingine. Sheria ikipita kama ilivyoandikwa, mama hana pa kuanika, na asipoanika hana kazi.

Kwa utaratibu, rasimu husomwa kwanza kwa wananchi ili watoe maoni. Ndipo inakwenda kwenye baraza la madiwani, halafu wizarani, halafu inachapwa kwenye Gazeti la Serikali. Tangazo la mkutano nililibandika mimi kwenye ubao wa ofisi, mahali wanapofika wenye kesi za mipaka peke yao. Nikaona aibu, nikamwambia mama kwa mdomo, naye akawaambia wenzake. Ofisa alitarajia watu kumi. Akakuta uwanja wa shule umejaa kanga.

Nilisoma kifungu kwa kifungu. Nilipomaliza, mama alisimama. Ofisa, kijana mwenye adabu, akawahi kumwamkia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Sisi usafi hatuukatai. Hivyo vichanja tutatengeneza wenyewe. Ila tuoneshe pa kuvisimika. Kwenye maji umetukataza, huko juu ni mashamba ya watu. Sasa tuanike kichwani?"

Vigelegele vilipigwa mpaka watoto wakatoka madarasani. Mwingine akaomba vichanja viruhusiwe palepale ukingoni, jambo ambalo lingemaliza ugomvi wote. Ofisa akauliza nani anaikubali rasimu kama ilivyo. Hakuna mkono ulioinuka. Nani anaikataa? Wakainua mikono yote miwili. Akasema maoni yao yameandikwa, na alisema kweli, kwa sababu nilikuwa nimejaza kurasa nne.

Sasa ni lazima nieleze jambo la kwetu. Kwetu mtu hatoki mkutanoni bila kuandika jina. Ni mazoea tuliyoyapata kwenye vyandarua na mbegu: asiyekuwepo kwenye karatasi hapati kitu. Kwa hiyo nilipotoa karatasi ya mahudhurio, mama aliichukua mkononi mwangu. Hajui kusoma, lakini nguvu ya karatasi alikuwa anaijua, na katika akili yake majina yakiwa mengi, kukataa kwao kutakuwa kuzito.

"Aliyekataa aje aandike!" akapaza sauti. "Msiondoke! Aje aandike!"

Aliwashika mikono bibi vizee, mmoja mmoja, akawachovya kidole kwenye wino, akawakandamiza kwenye mstari wao. Kisha akateremka hadi mwaloni kuwaita waliobaki kulinda dagaa, ambao hata mkutano hawakuusikia, wakapanda nao kuweka vidole. Karatasi moja haikutosha, nikaunganisha ya pili na ya tatu. Kidole chake alikiweka mwisho, taratibu, na kikatokea vizuri kabisa.

Juu ya karatasi hiyo kulikuwa na neno moja, Mahudhurio, kwa mwandiko wangu. Safu zilikuwa namba, jina, kijiji, sahihi. Safu ya kukataa haikuwepo. Nilikuwa nimechapa taarifa za kutosha kujua karatasi ile inakwenda wapi: hubanwa nyuma ya rasimu, kuwa ushahidi kwamba wananchi walishirikishwa. Nilijua, na nilikuwa nimemshikia wino. Ningeweza kumwambia, mama, acha, hiyo siyo ya kukataa. Sikusema. Ofisa alikuwa amenidokeza kuhusu nafasi ya ajira makao makuu, na pia mama alikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona kwake kwa miaka. Nimetafuta sababu ya tatu iliyo nzuri kuliko hizo. Sina.

Kurasa zangu nne mtendaji alizipima kwa kidole, akasema madiwani hawasomi gazeti. Nifupishe. Nikaandika: wananchi walitoa maoni mbalimbali. Neno mbalimbali ni kama gunia, ukishafunga mdomo wake huwezi kujua ndani kuna nini. Mama yangu nilimtia humo, na vigelegele, na mikono yote ile. Kisha nikabana karatasi tatu za vidole nyuma, na bahasha ikaondoka na pikipiki.

Sheria ilirudi baada ya muda mrefu, imechapwa vizuri, na kila mahali panasema ziwa. Mgambo walikuja asubuhi moja na mafagio na kumwaga dagaa majini. Mama aliwakusanya wenzake, wakachanga nauli, wakaja makao makuu ya halmashauri. Wakati huo nilishaajiriwa hapohapo. Waliingia wawili, mama na mwenzake mmoja, wengine wakabaki nje, nami nikaitwa kwa kuwa faili lilikuwa chini yangu.

Mwanasheria wa halmashauri hakuwa mtu mbaya. Aliwapa viti, akawasikiliza hadi mwisho, akafungua faili, akawageuzia. "Mama zangu, sheria hii imefuata hatua zote," alisema. "Mlishirikishwa. Hivi hapa vidole vyenu."

Mama aliinama juu ya karatasi. Herufi hazijui, lakini kidole chake alikitambua, kwa sababu kina kovu la kisu katikati. Akakitazama kwa muda, akashukuru, akainuka. Kwenye korido akamwambia mwenzake atangulie. Akaniuliza kwa sauti ya kawaida tu:

"Siku ile nawaita watu, ulikuwa unajua inakokwenda?"

"Nilijua, mama."

Hakunipiga wala kulia. Alitoka nje, nami nikamfuata hadi mlangoni, nikamsikia akiwaambia wenzake wote: "Kosa ni langu. Mimi ndiye niliyewaita mje muweke vidole. Msimlaumu mtu." Mimi nilikuwa nimesimama pale na shati la kazi, nikanyamaza kwa mara ya pili. Wanawake wakamtazama, wakanitazama, wakapanda gari la kurudi. Yeye hakupanda, na hakuna aliyemwita.

Anaishi Kisesa sasa, kwa mdogo wake, anauza mkaa kando ya barabara kuu. Nikienda ananipokea vizuri, ananipikia, anauliza habari za wajukuu. Mwezi uliopita nilikuta barua ya kanisa mezani, imefunguliwa. Nikanyoosha mkono nimsomee. Akaichukua, akaikunja mara mbili, akasema jirani akirudi kutoka sokoni atamsomea.